Jino la Kupokezana

Baba yao alipokufa, ng'ombe waligawanywa asubuhi moja na hakuna aliyenuna. Matonya, mkubwa, alichukua wa zizi la mashariki. Sila, mdogo, akachukua wa magharibi. Dume lenye pembe moja lilichinjwa kwa ajili ya watu wa msiba, kwa hiyo nalo halikuleta maneno. Koti la jeshi la marehemu haliwezi kukatwa katikati, basi wakakubaliana walivae kwa zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Baiskeli vilevile. Mpaka hapo majirani wa Makole walikuwa wakiwasifu.

Ikabaki dhahabu.

Ilikuwa kipande kimoja, ukubwa wa punje ya mahindi. Marehemu alirudi nayo kutoka machimbo ya Sekenke alikokwenda kutafuta kazi ujanani, na kila alipoulizwa aliipataje, alikuwa anaanza kukohoa. Aliifunga kwenye kitambaa na kuichomeka kwenye dari la tembe, nyumba yao ya paa bapa la udongo, na huko ilikaa mpaka Waingereza wakazoeleka.

Ndugu wawili wakaipeleka kwa Ramniklal, sonara wa mjini. Ramniklal akaipima, akaing'ata kidogo, akaipima tena.

"Hii inatosha jino moja," akasema. "Mkitaka mawili yatakuwa kama ganda la kitunguu. Mtu akitafuna karanga, limetoboka."

Habari ya jino Ramniklal hakuitoa kichwani mwake. Walimwambia wao. Na aliyeianza alikuwa Sila, ingawa hakuisema. Alionyesha kwa kidole kwenye jino lake la mbele, la juu, na Matonya akamalizia kwa maneno, kama walivyozoea tangu utoto.

Sila hakuwa bubu. Nyumbani aliweza kusema hata maneno manne matano kwa siku, na kwa ng'ombe alisema zaidi. Ila mbele ya watu ulimi ulikuwa unalala. Na msimu ule wote uliopita alikuwa anakwenda mnadani kununua chumvi kwa binti mmoja wa Hombolo, jina lake Sidonia. Alinyoosha kidole, akapimiwa, akalipa, akaondoka. Mnada uliofuata, tena. Nyumbani chumvi ikajaa vibuyu, Tabu, mke wa Matonya, akawa anawalambisha mbuzi, na mbuzi wakawa hawabanduki mtoni.

Siku moja mpishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipita pale mnadani, mtu mwenye jino la dhahabu, hakusalimia mtu. Sidonia akamtazama mpaka akapotea. "Yule," akamwambia mwenzake, "hata akinyamaza anaonekana amesema kitu."

Sila alikuwa amesimama palepale na chumvi yake. Neno hilo alikwenda nalo nyumbani.

Matonya alikwenda Hombolo kumposea mdogo wake, akarudi na jibu la baba wa binti, mzee Sebastiani. Jibu lilikuwa fupi. "Nimeambiwa ni bubu. Mkishavuna mlete nimwone mwenyewe. Kama ni bubu, basi, chumvi atanunua kwingine."

Kwa hiyo Sila alilihitaji lile jino. Alikuwa amepanga kila kitu: atakaa kwenye kigoda, atatabasamu, jino litang'aa, watu watadhani amesema.

*

Daktari wa meno alikuwa Fakhruddin, mtu mwembamba aliyesomea kazi yake Bombay. Tangu afike Dodoma alikuwa anang'oa tu. Mtu anaingia ameshika shavu, anatoka ameshika shavu. Hakuna aliyewahi kumwomba atengeneze kitu.

"Jino moja, watu wawili?" akauliza.

"Kila mtu na wiki yake," Matonya akasema.

"Kwa nini asiwe nalo mmoja?"

"Ni la baba."

"Baba yenu alikuwa na jino hili?"

"Hapana. Alikuwa na dhahabu."

Fakhruddin akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Watu wakabaki walewale wawili.

"Sikilizeni," akasema. "Kofia ya jino watu wanafikiri inashikwa na saruji. Saruji ni ya kuziba upenyo tu. Kinachoshika ni umbo la kisiki. Nikilisaga jino likawa kama kichuguu, chini pana, juu limechongoka, kofia inaingia vizuri na inatoka vizuri. Ukipiga chafya, imekwenda. Nikilisaga kuta zikasimama, kama kuta za tembe, kofia inaingia kwa kubana, na haitoki. Sasa nyinyi mnataka ipi?"

"Zote mbili," Matonya akasema. "Likae wiki nzima, litoke Jumamosi jioni."

Hapo ndipo Fakhruddin alipopaswa kuwafukuza. Badala yake macho yake yakawa ya mtu aliyetajiwa chakula cha kwao. Akachukua penseli, akachora kichuguu, akachora tembe, kisha katikati akachora kitu ambacho hakikuwa hiki wala kile.

"Bila saruji," akasema peke yake. "Inawezekana."

Akawafungua midomo. Meno yao ya juu yalifanana kama yametoka kwenye chungu kimoja. Chini, pale mbele, palikuwa na pengo, kwa sababu kwao meno mawili ya chini hutolewa utotoni, na hakuna aliyewahi kuyahitaji.

"Chini hamna kitu!" Fakhruddin akalalamika. "Hakuna jino la kusukuma hili la juu likae mahali pake."

Matonya akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Kusaga kulichukua siku nzima. Mashine ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, na daktari aliikanyaga mwenyewe. Aliwapiga sindano ya ganzi, akaanza na Matonya. Chumba kikanuka kwato iliyoungua. Alipomaliza akamsaga Sila. Akapima, akaona la Sila nene kidogo, akalipunguza. Akapima tena, sasa la Matonya ndilo nene. Akarudi kwa Matonya. Akawa anakwenda huku na huku kama mtu anayesawazisha miguu ya kigoda, na Sila, amekodoa macho kwenye dari, akawaza vigoda alivyowahi kuviona vikiishia kuwa vibao vya kukatia mboga.

Mwisho Fakhruddin akanyoosha mgongo. Visiki viwili, umbo moja. Akaviangalia kwa zamu kama baba wa mapacha.

"Hili ni jambo ambalo halijafanywa," akasema.

Sila alikubaliana naye, kwa kichwa.

*

Ramniklal akafua kofia, na kweli iliwaingia wote wawili. Matonya akaanza zamu kwa kuwa ni mkubwa. Sila akahesabu kwa vidole vyake mwenyewe: ya kaka, halafu yake, na safari ya Hombolo ilikuwa imeangukia ndani ya yake. Akatulia.

Tatizo lilikuwa kisiki. Jino lililosagwa linakuwa uchi. Ilikuwa Julai, ule upepo wa Dodoma unaokata masikio, na Sila akifungua mdomo tu upepo unampiga kisikini kama sindano. Maji ya mtungini ndiyo kabisa. Alipoyanywa mara ya kwanza alikaa chini bila kuambiwa. Tangu siku hiyo Tabu akawa anampashia maji. Kusema, ambako hata zamani hakukupenda, sasa alikuwa na sababu ya kitabibu ya kukuepuka.

Na kwa Matonya mambo hayakuwa mazuri. Siku ya kwanza jino lilitoka likabaki kwenye tonge la ugali. Siku ya pili alimkemea ndama, likaruka likaanguka kwenye samadi. Kanisani alikuwa anaimba bila kufungua mdomo. Halafu likaanguka uani, na jogoo, ambaye kila kinachong'aa anakiona punje, akalidonoa na kukimbia nalo. Nyumba nzima ilimkimbiza yule jogoo. Sila alimkamata nyuma ya zizi, wakamkaba shingo, akatema.

"Hii sasa ni aibu," Matonya akasema huku akiliosha. "Marehemu ananiona."

Ijumaa akavaa koti, akapanda baiskeli, akaenda mjini bila kumwambia mtu. Alikwenda kuuliza tu. Ndivyo alivyoeleza baadaye.

Fakhruddin alisikia habari ya jogoo mpaka mwisho. Mtu mwingine angecheka. Yeye alikunja mikono ya shati. Akakinyoosha kisiki cha Matonya kuta zikasimama zaidi, akakikaza kidogo ukingo wa kofia, akaisukuma kwa dole gumba. Ikaingia, ikalia *tk*, kama kufuli.

"Sasa piga chafya," akasema.

Matonya akanusa ugoro, akapiga chafya tatu. Jino halikutikisika. Daktari na mgonjwa wakapeana mikono.

Jumamosi jioni Sila alikaa kwenye kigoda, mdomo ameuosha kwa maji ya moto, anangoja zamu yake. Matonya akashika jino, akavuta. Akavuta tena.

"Limenuna," akasema.

Sila akavuta yeye. Wakafunga uzi. Tabu akaleta kamba ya mkonge, wakaifunga kwenye mlango, Tabu akaupiga mlango teke. Mlango ukang'oka. Jino likabaki.

Sila aliinama akauokota mlango, akauegemeza ukutani. Matonya angependa zaidi atukanwe.

Jumatatu wakaenda wote wawili kwa Fakhruddin. Daktari akajaribu kwa koleo ndogo, akajaribu kwa kugongagonga, akakaa chini.

"Kosa langu," akasema kwa huzuni, "ni kwamba nimefanya kazi nzuri."

"Litoe," Matonya akasema.

"Kulitoa ni kulikata. Kulikata ni kulifua upya. Na Ramniklal amekwenda Tabora kwenye harusi."

"Anarudi lini?"

"Harusi ya mtoto wa dada yake," Fakhruddin akasema, na wote wakaelewa kwamba hakuna anayejua.

Hombolo walikuwa wanasubiriwa Alhamisi.

Njiani kurudi nyumbani Matonya alikokota baiskeli ingawa kwa kipande hicho cha njia zamu ya kupanda ilikuwa yake. Walipokaribia kufika akasema, "Mdogo wangu, nimepata wazo. Nitatabasamu kwa niaba yako."

Sila akamtazama.

"Tutakaa bega kwa bega. Wewe funga mdomo. Wakikuuliza, mimi najibu, na jino linaonekana. Watu wataona tunatoka nyumba ya dhahabu. Ni letu sote, si ni letu sote?"

Sila alifikiri mpaka wakafika mlangoni, ule mlango uliokuwa bado umeegemezwa. Wazo lingine hakuwa nalo.

*

Walifika Hombolo mchana, wamepokezana baiskeli njia nzima, koti amelivaa Sila. Wakakaribishwa uani. Mzee Sebastiani alikuwa amekaa, mtu mpana asiye na haraka, na pembeni yake dada yake, Antonia, shangazi wa binti, ambaye macho yake yalikuwa yamefika kwa wageni kabla wao hawajaingia. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa mabua, palikuwa na mtu anayejitahidi kutopumua kwa sauti.

"Mbukwenyi," Matonya akaamkia kwa Kigogo. Sila akainamisha kichwa. "Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi," Matonya akaongeza, mara mbili, moja ikiwa ya mdogo wake.

"Marahaba," Sebastiani akasema. "Huyu ndiye?"

"Ndiye." Matonya akatabasamu. Jino likapata jua. Sila akanyoosha mgongo, kama mtu aliyepigiwa ngoma.

"Mmevunaje huko?"

"Mtama si haba," Matonya akasema, akatabasamu.

"Ng'ombe wazima?"

"Wazima." Tabasamu.

"Huyu anafurahi sana," Antonia akasema. "Ndiye anayeoa?"

"Hapana shangazi. Mimi nina mke, Tabu."

"Basi funga mdomo kidogo, unanichoma macho."

Matonya akafunga. Antonia akajisogeza mbele kwenye kigoda chake.

"Mimi ni mwanamke wa shamba tu, mambo ya mjini siyajui. Ila watu wanapita hapa wanakwenda mnadani, na watu wana midomo. Nimesikia nyinyi mna koti moja mnavaa kwa zamu. Sawa, baridi ni ya wote. Mna baiskeli moja. Sawa. Sasa nasikia hata hilo jino ni la wawili, wiki huyu, wiki yule." Akageuka kwa kaka yake, akarudi kwa wageni. "Nauliza tu ili nijue. Mtoto wetu naye mtampangia zamu?"

Nyuma ya mlango wa mabua pumzi zilikatika kabisa.

"Shangazi!" Matonya akaruka. "Kitu kama hicho..."

"Hujaulizwa wewe," mzee Sebastiani akasema taratibu. "Wewe una mke, na una jino. Ajibu yule."

Upepo ulikuwa unazungusha vumbi karibu na ghala. Sila alitazama mikono yake. Alimtazama kaka yake, na kaka yake, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kufungua mdomo ili amjibie, halafu akakumbuka akaufunga. Sila akaona kwamba safari hii hakuna mtu wa kumalizia maneno. Na ng'ombe wake walikuwa mbali.

Akasimama. Akafungua mdomo. Upepo ukampiga kisikini, machozi yakamlenga, na watu wakadhani ni uchungu wa moyo.

"Hapana," akasema.

"Eh! Anasema," Antonia akanong'ona.

Angeweza kukaa hapo. Lakini alikuwa amekwisha kuumia, na aliona maumivu hayazidi kwa neno la pili. "Hapana, shangazi," akasema. "Ngojeni niwaeleze hili jino."

Akaeleza. Alianzia Sekenke, akaruka kukohoa kwa baba, akaja kwa sonara, akaja kwa daktari. Akaonyesha kisiki chake kwa kidole, akazunguka uani ili kila mtu akione. Akachukua kijiti akachora mavumbini kichuguu na tembe. "Kikiwa hivi, inatoka. Kikiwa hivi, haitoki." Akasimulia jogoo, pamoja na mbio zake zote. Akasimulia mlango. Mtu aliyenyamaza miaka mingi hajui mahali pa kuweka nukta, na Sila hakuiweka. Kivuli cha ghala kilitoka miguuni kwa Antonia kikafika miguuni kwa Sebastiani, na yeye bado yuko kwenye ukingo wa kofia.

Mzee Sebastiani aliinama kutazama mchoro. Alikuwa katikati ya kujenga ghala jipya, na mambo ya mfuniko yalikuwa yanamsumbua.

"Hizo kuta," akauliza, "zisimame wima kabisa?"

"Wima kabisa kofia haiingii, mzee. Ziegemee ndani kidogo. Kidogo sana. Kama mtu anayesikiliza mlangoni."

Mlango wa mabua ukatikisika.

"Halafu ni uchi hiki," Sila akaendelea, maana alikuwa hajamaliza. "Upepo unauma. Maji ya baridi ndiyo balaa, nikinywa naona nyota mchana. Lakini nilichotaka kusema..." Akasita, akatafuta alichotaka kusema. Akakipata. "Jino nilitaka niwe nalo leo. Zamu ilikuwa yangu. Sasa limekaa kwa kaka, na mimi sitalidai tena, hata sonara akirudi. Ni lake. Koti pia alichukue." Akalivua palepale, katika upepo ule, akampa Matonya. "Baiskeli tutaona. Lakini Sidonia si wa kupokezana. Kama atanikubali, mimi ndiye mume, na maneno nitakuwa nasema mwenyewe."

Akakaa.

Matonya alikuwa ameshika koti kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Alitaka kutabasamu, akaona si mahali pake, akaufunga mdomo wake vizuri juu ya dhahabu ya baba yao.

"Si bubu," mzee Sebastiani akamwambia dada yake.

"Nimesikia," Antonia akasema. "Tangu jua likiwa pale mpaka limefika hapa. Shida sasa itakuwa kumnyamazisha." Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Haya wewe, unayesikiliza! Wageni wana kiu."

Ilichukua muda. Huko ndani palisikika kuni zikisogezwa, na Antonia akakunja uso, kwa kuwa maji yalikuwa mtungini na mtungi hauhitaji kuni. Mwishowe Sidonia akatoka na kata mbili. Hakumtazama mtu. Akapiga magoti mbele ya Matonya kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, akampa ya kwanza. Matonya akanywa, akatetemeka. "Baridi," akasema.

Akaja kwa Sila. Sila akaipokea kata ya pili kwa mikono miwili. Kukataa maji ya nyumba ile asingeweza, na kukunja uso mbele ya mkwe asingependa. Akajikaza, akafumba macho, akanywa.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Akafumbua macho. Sidonia alikuwa bado amepiga magoti, anatazama mchoro wa tembe pale mavumbini.

"Asante," Sila akasema. Akayamaliza, akarudisha kata, akaomba mengine.